Mabano Aomba Kushushwa Cheo

Mabano alipopandishwa cheo, aliyefurahi kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Kwa miaka mingi mama huyo alipata taabu kueleza kazi ya mkwewe. Aliwahi kumsikia akisema anaandika "kodi", akaenda kuwatangazia wenzake wa kikundi cha ushonaji kwamba mume wa binti yake ni mtu wa kodi, na baadhi yao wakaanza kumkwepa. Baadaye akaelezwa kuwa kodi hiyo si ya serikali, ni maagizo tu ambayo mtu huyaandika ili kompyuta ijue la kufanya. Akatikisa kichwa, akasema basi ni mambo ya kompyuta, akaishia hapo. Lakini cheo cha "mkuu wa idara" hakikuhitaji mkalimani. Maneno hayo yalimkolea mdomoni, akawa anayachomeka hata kwenye mazungumzo ya bei ya uzi.

Jina la Mabano lilitoka kazini, enzi za ujana wake. Siku moja programu yake iligoma kabisa. Akaisoma mstari kwa mstari tangu asubuhi hadi watu wakaanza kukusanya mabegi yao, ndipo alipogundua kwamba alifungua mabano mahali fulani akasahau kuyafunga. Ukelele alioutoa ulimfanya dada wa mapokezi amwagie chai kitabu cha wageni. Tangu hapo hakuna aliyemwita jina lake tena, na wateja wengine waliamini kabisa kwamba hilo ndilo jina la ukoo.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Walitengeneza tovuti na mifumo ya watu wengine: maduka, shule, na hasa zahanati, ambazo wagonjwa wao waliweka miadi kwa simu badala ya kwenda kupanga foleni alfajiri. Chumba kikubwa kilikuwa na meza ndefu zilizosukumwa pamoja, nyaya zilizobandikwa chini yake kwa utepe wa gundi, na ubao mweupe uliokataa kufutika vizuri, hata michoro ya mwaka juzi ilichungulia kwa mbali nyuma ya michoro ya leo. Mabano alikaa karibu na dirisha, mgongo kwa wenzake. Kabla hajagusa kazi ya mtu alikuwa anaisoma kwanza yote, taratibu, midomo ikicheza kama mtu anayesali.

Alikuwa na mawazo yake kuhusu kazi ile, na aliyatoa wakati maji ya chai yakichemka. Alisema mfumo ni nyumba inayojengwa huku wenyewe wamelala ndani: huwezi kuwaambia watoke, na ukigonga ukuta vibaya dari inawaangukia. Alisema mtandao una mitindo kama nguo. Zana mpya inakuja, watu wanaikimbilia, ile ya jana inaonewa haya, kisha baada ya muda inarudi na jina jingine na watu wanaishangilia kama mgeni. Yeye hakuwa na ugomvi na zana mpya. Alitaka tu mtu ajue ya zamani ilikuwa inafanya nini kabla hajaitupa jalalani.

Aliyemsikiliza kwa makini zaidi alikuwa dada mmoja waliyemwita Swali, kwa sababu isiyohitaji maelezo. Ukimwambia seva imezimika, alitaka kujua imezimika au imezimwa, na nani aliiona mara ya mwisho ikiwa hai. Wengine aliwachosha. Mabano alimwona ni mtu wa kazi, akamfundisha alichokijua, naye akamwita kaka.

Basi mkuu wa idara wa zamani akahamia kampuni nyingine, na mkurugenzi akamwita Mabano akampa nafasi ile. Mabano hakuiomba, lakini hakuikataa pia. Nani anakataa? Mtu akifanya kazi vizuri anapanda, na akipanda watu wanampongeza, naye anasema asante. Akapewa chumba chenye ukuta wa kioo, kiti cha mgongo mrefu, na kalenda ambayo watu wengine walikuwa na ruhusa ya kuijaza. Swali akaacha kumwita kaka. Akamwita bosi.

Kilichomshangaza Mabano ni jinsi siku zilivyoisha bila kubakiza kitu. Zamani alikwenda nyumbani akiwa na jambo la kuonyesha: ukurasa uliokuwa mzito sasa unafunguka haraka, hesabu iliyokuwa inakosea sasa inasema kweli. Sasa alitoka kwenye kikao akaingia kwenye kikao. Kulikuwa na kikao cha kupanga vikao. Kulikuwa na kimoja kuhusu rangi ya kitufe, ambapo watu wazima wenye familia walibishana kama kijani kile kinatia moyo au kinatia kichefuchefu, mpaka chai ikapoa. Mabano aliketi kichwani pa meza akitikisa kichwa kwa heshima, na macho yake yakapenya kioo hadi kwenye meza ya karibu na dirisha, ambako sasa alikaa mtu mwingine.

Nyumbani akaanza kutengeneza vitu. Alianza na bomba la jikoni lililokuwa linadondosha maji. Akahamia feni. Akafungua bawaba za mlango wa chumbani, akazisafisha, akazipaka mafuta, akazirudisha. Mkewe, muuguzi katika zahanati ya meno, mwanzoni alifurahi. Aliporudi siku moja akamkuta amefumua pasi ya jirani juu ya meza ya chakula, akaweka begi lake chini polepole.

"Wewe mzee," akasema, "hiyo pasi ya nani?"

"Ya jirani. Ilikuwa haipati moto."

"Amekuomba?"

"Nimemwomba mimi."

Mkewe akamtazama, akaenda kubadilisha nguo. Aliporudi akahadithia ya kazini, kwa kuwa zahanati yao ilitumia mfumo wa akina Mabano. Asubuhi ile wagonjwa wawili walifika kwa daktari mmoja, saa ileile. Kila mmoja alikuwa na ujumbe wa kuthibitishiwa, kila mmoja aliinua simu yake juu kama shahidi mahakamani. Mmoja shavu limevimba, mwingine kaomba ruhusa kazini kwa shida. "Nimewaomba radhi mpaka maneno yakaniishia," mkewe akasema. "Mfumo wenu unagawa kiti kimoja kwa watu wawili."

Mabano alijua mara moja ni nini. Mtu anapoomba nafasi, mfumo unatazama kwanza kama iko wazi, kisha unaandika jina. Kati ya kutazama na kuandika kuna mwanya mdogo, kama wa kupepesa jicho. Wawili wakibofya pamoja, wote wanaonyeshwa kuwa iko wazi, na wote wanaandikwa. Kesho yake alimpa Swali kazi hiyo, akamweleza vizuri, akamwambia achukue muda wake.

Swali akauchukua. Siku zikapita. Mabano alipopita karibu na meza yake alimkuta anasoma, anachora vishale kwenye karatasi, anapiga simu zahanati kuuliza mambo. "Umefika wapi?" alimuuliza. "Bado natafuta, bosi." Kesho yake tena: "Bado, kuna kitu sijakielewa." Mabano aliitikia, akaingia kwenye kioo chake, akakaa kwenye kiti chake kirefu, na vidole vikamwasha.

Jumamosi mkewe alikuwa zamuni. Nyumba ilikuwa kimya, jua la asubuhi limelala mezani. Mabano alifungua kompyuta akijidanganya kwamba anatazama tu. Akaufungua mfumo wa miadi, sehemu aliyoiandika mwenyewe zamani, akawa kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyokulia na kukuta swichi za taa ziko palepale. Hakusikia njaa. Hakusikia simu. Alitengeneza kufuli dogo: mtu wa kwanza akiigusa nafasi, wa pili anaambiwa asubiri. Akalijaribu, likafanya kazi. Akalijaribu tena kwa raha tu. Kabla mkewe hajarudi, kazi ilikuwa imeshaingizwa kwenye mfumo ambao zahanati zote zinautumia, naye anakata vitunguu huku anapiga mluzi. Miezi mingi hakuwa amepiga mluzi.

Jumatatu Swali alisimama mlangoni pa chumba cha kioo. Hakuingia mpaka alipokaribishwa.

"Bosi, ile kazi ya miadi imefungwa. Jina lililoifunga ni lako."

"Ndiyo," Mabano akasema kwa uchangamfu. "Nilipata nafasi Jumamosi, nikaimaliza. Sasa uko huru, nitakutafutia nyingine."

Swali, ambaye hakukosa la kuuliza, safari hii hakuuliza.

"Kama ulitaka kuifanya mwenyewe ungeniambia tu," akasema. "Ningeshika nyingine tangu siku ya kwanza. Nimesoma wiki nzima, bosi. Nilikuwa nimefika mahali. Umenipa swali, halafu umeninyang'anya kabla sijajibu. Na wenzangu wote wameona. Wanadhani nimeshindwa."

"Hujashindwa. Hakuna aliyesema umeshindwa."

"Hakuna aliyehitaji kusema."

Akatoka. Hakubamiza mlango, aliurudisha taratibu, na hilo likamkera Mabano kuliko kama angeubamiza. Alijitetea moyoni siku nzima. Wagonjwa walikuwa wanateseka. Kazi ni kazi. Ilipofika jioni ngome yote ilikuwa imebomoka, kwa sababu alijua vizuri kwamba Jumamosi ile hakumfikiria mgonjwa hata mmoja. Alijifikiria yeye.

Halafu Alhamisi, katikati ya kikao, mkewe akapiga simu. Hakuwa na desturi ya kupiga saa za kazi, kwa hiyo Mabano akatoka nje kupokea.

"Wawili tena," mkewe akasema kwa sauti ya chini; nyuma yake mtu alikuwa analalamika. "Daktari yuleyule."

"Haiwezekani. Nimeweka kufuli."

"Basi limefunguliwa. Nao wako hapa, wananitazama."

Mabano alikwenda moja kwa moja hadi meza ya Swali, akasimama pembeni mbele ya watu wote.

"Limerudi," akasema. "Ulisema ulikuwa umefika mahali. Wapi?"

Swali alimwangalia kuona kama ni mtego. Akaona si mtego, akavuta karatasi zake za vishale.

"Umefunga mlango wa mbele," akaeleza. "Wa wagonjwa wanaotumia simu zao. Lakini watu wa mapokezi wanaandikisha wale wanaopiga simu zahanati, na hawapiti kwako. Wana skrini yao ya zamani, ilitengenezwa na kampuni nyingine kabla yetu. Ile inaandika moja kwa moja kwenye hifadhidata, palepale majina yote yanapotunzwa, ujumbe unamwendea mgonjwa kama kawaida, haimuulizi mtu. Ndiyo sababu nilikuwa nawapigia. Kila wawili wanapogongana, mmoja amepitia mapokezi. Karibu kila mara."

"Mlango wa uani," Mabano akasema.

"Wa uani. Nilikuwa nataka sharti likae ndani kabisa, kwenye hifadhidata yenyewe. Ukitokea mbele, ukitokea uani, ukishuka darini, nafasi ikishachukuliwa unakataliwa."

Ilikuwa sahihi, na ilikuwa nzuri. Mabano alijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, jambo gumu kulieleza mbele ya watu. Akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Niliingilia kazi yako, na nimeiharibu. Naomba uimalize wewe." Swali akaimaliza siku iliyofuata. Tangu hapo zahanati ya mkewe haikumwona tena mtu wa pili akiinua simu.

Jioni ya Alhamisi ile, wakiwa wanaosha vyombo, Mabano alimsimulia mkewe yote, hata mluzi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akamkabidhi sahani aikaushe.

"Nikuulize," akasema. "Ukiwa bosi, unapenda nini?"

Mabano alifikiri mpaka sahani ikakauka na kupita kukauka.

"Kiti si kibaya," akasema.

Mkewe akacheka, akashika ukingo wa sinki. "Sasa mzee, huoni? Umetengeneza bomba, feni, mlango, na pasi isiyokuhusu. Nilikuwa naogopa siku moja nitarudi nikute umeifumua friji. Wewe hutaki kuwatazama watu wakifanya kazi. Unataka kufanya. Si dhambi. Lakini ukikaa pale kwa ajili ya jina tu, utakuwa unawanyang'anya watoto wa watu kazi zao kila Jumamosi."

"Na mama yako je?"

"Mama yangu niachie mimi. Au hapana, mama yangu utamweleza mwenyewe. Mimi sina ujasiri huo."

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyeanzisha kampuni ile akiwa na kompyuta ya kuazima. Mabano alipoketi mbele yake na kusema anaomba kuacha ukuu wa idara, alivua miwani.

"Umepata kazi wapi?"

"Sijapata kazi popote. Naitaka ileile ya zamani."

"Kampuni gani? Niambie tu, hatugombani."

"Hii hapa. Ile meza ya karibu na dirisha. Au yoyote, hata ya karibu na mashine ya kuchapa."

Mkurugenzi alimkagua kama mtu anayetafuta homa. "Watu wote wanaokuja kwenye kiti hicho wanataka kupanda," akasema. "Wa kuomba ashushwe sijawahi kumpata. Hata sijui tunaandikaje." Lakini alikuwa mtu wa kusikiliza, na Mabano alipomweleza habari ya Jumamosi bila kujipendelea, uso wake ukalainika. Alikiri kwamba katika fani yao mambo yako hivyo kila mahali: mtu akijua sana kutengeneza, wanamzawadia kwa kumtoa kwenye kutengeneza, kisha wanashangaa kwa nini kote kumelegea. Akauliza ni nani basi atashika.

"Swali," Mabano akasema.

"Yule anayeuliza mpaka mtu anasahau alichokuja kusema?"

"Huyo. Mpeleke kwenye kikao cha rangi ya kitufe. Atauliza kitufe ni cha nini, na mtakuta hakihitajiki."

Swali mwenyewe alipoitwa hakukubali upesi. Aliuliza kwa nini yeye, na kwa muda gani, na kama akishindwa atarudishwa au atafukuzwa, na kama Mabano ataweza kweli kupokea maelekezo kutoka kwake au atanuna. Hilo la mwisho alimuuliza Mabano ana kwa ana, kwenye ngazi. Mabano alisema huenda akanuna kidogo siku za mwanzo. Swali akasema afadhali amesema kweli, akakubali.

Kwa mama mkwe ilikuwa ngumu zaidi. Alikuja kuwatembelea Jumapili, amevaa vizuri, na Mabano alisubiri mpaka amekunywa chai ndipo akamwambia.

Mama akaweka kikombe chini. "Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nimeomba mwenyewe."

"Umekosana na wakubwa?"

"Tunaelewana vizuri."

"Unaumwa, mwanangu? Useme tu. Hapa ni nyumbani."

"Siumwi, mama. Ile kazi ya kuwaongoza watu sikuipenda. Napenda ya mikono."

Mama alimgeukia binti yake kutafuta msaada, binti yake akawa anatafuta kitu kwenye droo ambayo haikuwa na kitu. "Sasa," mama akasema kwa uchungu wa kweli, "kwenye kikundi nitawaambia nini? Nimeshawaambia wote. Hata yule asiyenisalimia nilimwambia."

Mabano akasema pole. Ilimuuma kumwona mama yule amepungukiwa na kitu alichokuwa anakibeba kwa fahari, hata kama kitu chenyewe hakikuwa chake. Akamsindikiza hadi barabarani, amembebea mkoba, na njia nzima mama alitembea mbele bila kugeuka. Lakini wiki chache baadaye mkewe alileta habari. Kikundini mama alikuwa amesimama imara, akaeleza kwamba mkwewe alikuwa mkuu kabisa, ila ikaonekana kazi haziendi asipozishika mwenyewe, wakamwomba ashuke. Yule asiyemsalimia akasema huyo ni mtu muhimu sana, na mama akakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Meza ya karibu na dirisha ilikuwa na mwenyewe, na Mabano hakutaka kumhamisha mtu. Akapewa ile ya karibu na mashine ya kuchapa, ambayo ilinguruma kila mtu alipochapa kitu na kumpulizia hewa ya joto kifundoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwawezesha wagonjwa kuhamisha miadi bila kuifuta. Aliifanya kwa raha, hakuharakisha, akaipeleka kwa Swali aikague kama ilivyo kawaida, akaenda kuchemsha maji.

Aliporudi na chai yake, kazi ilikuwa imerudishwa. Swali alikuwa ameijaza maoni. Hapa jina halieleweki. Hapa mgonjwa akiwa na mtoto, itakuwaje? Kwa nini njia hii na siyo ile? Mabano alisikia joto likimpanda shingoni, na safari hii mashine ya kuchapa ilikuwa imezimwa. Akasimama, akaketi. Akasoma maoni yote tangu mwanzo, midomo ikicheza. Mengine hakukubaliana nayo, akaandika kwa nini. La mtoto lilikuwa kweli tupu: mzazi akihamisha miadi yake, ya mwanawe ingebaki nyuma. Akaanza kuirekebisha.

Jioni Swali alipita na begi lake begani, akasimama mezani pake.

"Umenuna, kaka?"

"Kidogo. Imekwisha."

"Ya mtoto umeiona?"

"Nimeiona. Karibu namaliza." Akageuza kiti kumtazama. Swali alionekana amechoka, ule uchovu wa vikao ambao Mabano aliufahamu vizuri. "Na wewe? Huna hamu ya kurudi kuandika?"

Swali aliegemea meza.

"Ninayo," akasema. "Asubuhi hasa. Lakini leo yule kijana mpya amemaliza kazi yake peke yake mara ya kwanza. Alikuja mbio kuniambia. Nilifurahi kama nimeimaliza mimi. Wewe hukuwahi kujisikia hivyo?"

Mabano alijaribu kukumbuka. "Sikuwahi," akasema.

Swali akacheka, akamuaga, akashuka ngazi. Mabano aliugeukia tena ule mstari wa mzazi na mtoto, akaufuata mpaka mwisho, akautuma. Kisha akazima kompyuta, akachukua koti lake. Nje kulikuwa na mwanga bado, na duka la miwani lilikuwa halijafungwa.